Kabla ya kununua oveni, jua unga wako

Nakuru siku hizi kila ploti ina mtu anayeoka. Section 58 kuna keki. Shabab kuna kuki za chokoleti. Ukienda Kiamunyi utapata mtu anaoka biskuti za nazi na kuzipakia kwenye mikebe yenye stika kali kuliko za supamaketi. Hiyo ni poa sana. Kazi za ofisi zimekuwa adimu, na oveni ya mezani ni ofisi kama ofisi nyingine.

Lakini nina neno, na nitalisema bila kumung'unya. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunaanza na nembo, tunafuata na stika, halafu akaunti ya Instagram na ile taa ya duara ya kupigia picha. Mtu akiulizwa anatumia unga gani, anataja rangi ya pakiti. Akiulizwa anaweka beking pauda ama beking soda, anajibu, "Yoyote yenye iko." Halafu biskuti zinatoka ngumu kama mawe ya Menengai, ama zinatambaa kwenye trei mpaka zinashikana na kuwa chapati moja kubwa. Wa kulaumiwa ni nani? Oveni.

Msimamo wangu ni huu: anayetaka kuuza biskuti hapa Nakuru asinunue oveni kubwa, wala asilipie kozi ya maelfu ya shilingi, kabla ya kujua vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu ya unga wake. Cha pili ni tabia ya kile anachotumia kuuumua. Hapo ndipo faida inapokaa. Vingine vyote ni mapambo, na mapambo yanaweza kungoja.

Udhaifu ambao ni sifa

Ndani ya ngano kuna protini ambazo zikikutana na maji, kisha zikakandwa, hushikana na kuwa kama nyuzi za mpira. Nyuzi hizo ndizo gluteni. Ndizo zinazofanya chapati ivutike bila kuraruka, na ndizo zinazoshika hewa ndani ya mkate mpaka ukapanda. Unga wenye protini nyingi una nguvu. Wenye protini kidogo ni dhaifu.

Hapa ndipo watu wanapotea njia, kwa sababu neno "dhaifu" likiingia sikioni linasikika kama tusi. Mtu anataka unga "strong", unga ghali, unga ambao hoteli inatumia kuoka mkate. Kwa biskuti, huo ndio unga wa kukuangusha. Biskuti haitaki kuvutika. Inataka kuvunjika ukiiuma, halafu iyeyuke mdomoni na chai. Ukiitengeneza kwa unga wa kuvutika, utapata kitu cha kutafuna kama kamba ya kiatu.

Kwa hivyo sikiza mgawanyo huu. Mkate unapenda unga wenye protini ya kati ya asilimia 11 na 13. Biskuti zinafurahia ya 8 hadi 10 hivi. Baadhi ya pakiti zina jedwali la virutubisho upande wa nyuma, na hapo protini imeandikwa kwa kila gramu 100. Ni maandishi madogo, yale ambayo hakuna mtu husoma. Yasome. Hayo ndiyo yatakayokuambia kama unga huo ni rafiki yako.

Kwa rafu za maduka yetu, unga wa ngano unakuja kwa namna tatu kubwa. Kuna ule mweupe wa kuoka nyumbani. Huo ndio wa kuanzia nao biskuti. Kuna atta, ule wa chapati wenye rangi ya udongo kidogo kwa sababu umebaki na sehemu ya pumba. Atta hunywa maji mengi na hufanya biskuti iwe nzito. Unaweza kuchanganya kidogo kwa ajili ya ladha, lakini usiufanye ndio msingi. Halafu kuna ule unaojiumua wenyewe, ambao umetiwa vitu vya kuumulia pamoja na chumvi tangu kiwandani.

Huu wa tatu ndio umevunja mioyo ya watu wengi. Mtu ananunua unga unaojiumua, anafungua maelekezo ya mapishi kwa simu, anaona "kijiko kimoja cha beking pauda", na anaweka. Sasa unga una dozi mbili. Biskuti zinapanda haraka kwenye oveni kama zinakimbilia matatu ya mwisho, kisha zinaanguka katikati na kuacha ladha ya sabuni. Ukiwa na unga huo nyumbani, tumia kwa keki. Kwa biskuti, nunua mweupe wa kawaida ili wewe mwenyewe uamue kinachoingia na kiasi chake.

Na je, kama unga ulio nao ni wa nguvu na hakuna mwingine dukani? Punguza nguvu. Kwa kila kikombe cha unga, toa vijiko viwili vya supu, na mahali pake uweke vijiko viwili vya wanga wa mahindi, ile poda laini nyeupe inayotumika kufanya mchuzi uwe mzito. Nisieleweke vibaya: si unga wa ugali. Wanga hauna gluteni, kwa hivyo unazimua ule wa nguvu. Chekecha pamoja mara mbili, basi.

Maabara ya bure ndani ya karai

Sasa, usiniamini mimi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda watu wetu, na sina cheti cha upishi cha kutundika ukutani. Jaribio hili halihitaji cheti.

Nunua aina mbili za unga unazoshuku. Pima gramu 100 za kila mmoja. Weka maji kama vijiko vinne vya supu kwa kila donge na ukande dakika tano. Loweka kila donge kwenye maji yake kwa nusu saa. Kisha lifinyefinye ndani ya bakuli la maji, ukibadilisha maji kila yanapokuwa meupe kama maziwa. Weupe huo ni wanga unaotoka. Endelea mpaka maji yabaki safi.

Kitakachobaki mkononi ni kidonge cha rangi ya krimu, kinachovutika kama bazoka. Hiyo ndiyo gluteni yenyewe. Linganisha vidonge vyako viwili. Unga uliokupa kidonge kikubwa na kigumu, peleka kwa mkate na chapati. Ule uliokupa kidonge kidogo, laini, kinachokatika haraka, huo ndio wa biskuti zako. Umemaliza kazi ya maabara ndani ya karai la kuogea mtoto.

Ukishapata unga wako, kumbuka kwamba mkono pia huongeza nguvu. Kuna wasee wanakanda biskuti kama wanakanda chapati za harusi. Acha. Anza kwa kusugua unga na siagi ama majarini mpaka uwe kama mchanga. Mafuta yanafunika chembe za unga, kwa hivyo maji yakija hayapati nafasi ya kujenga gluteni nyingi. Weka maziwa kidogo mwishoni, kusanya donge, na uache kugusagusa.

Wazee wa Pwani na jamii za Wahindi wa Afrika Mashariki walijua haya kabla hatujazaliwa. Angalia nankhatai, zile biskuti za samli na iliki. Nyingi huchanganywa na unga wa dengu ama semolina, na maji karibu hayaingii. Ndiyo maana zinavunjika ukizitazama tu.

Vitu vitatu visivyo ndugu

Tuje kwa kuumua. Jikoni kuna hamira, beking soda na beking pauda, na watu huzungumza kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari polepole na kutoa gesi, ndiyo maana mahamri na mkate huhitaji kungojewa. Biskuti haina muda huo, na donge lake lina mafuta na sukari nyingi. Hamira iache kwa mkate.

Beking soda ni chumvi ya alikali. Haifanyi kazi vizuri ikiwa peke yake, inataka tindikali ya kupigana nayo: maziwa lala, ndimu, siki, asali ama sukari nguru. Vikikutana hutoa gesi hapo hapo. Nguvu yake ni kama mara tatu au nne ya beking pauda, kwa hivyo robo kijiko cha chai inatosha kikombe kizima cha unga. Pia soda hufanya biskuti ipate rangi ya kahawia haraka na itambae zaidi kwenye trei. Ukiipenda biskuti pana yenye kingo kavu, soda ni mtu wako. Ukiizidisha, ama ukiiweka bila tindikali, utapata ladha ya sabuni na madoa ya manjano.

Beking pauda ni ile ile soda, lakini imeshapewa tindikali kavu na wanga kidogo wa kunyonya unyevu. Kwa hivyo haihitaji ndimu wala maziwa lala. Nyingi zinazouzwa hufanya kazi mara mbili: kidogo zikilowa, na zaidi zikipata joto. Inapandisha biskuti kwenda juu badala ya kuitandaza. Ukitaka biskuti nene na laini ndani, tumia hiyo.

Na ukitaka biskuti kavu ya siagi ya kuvunjika vipande, usiweke chochote. Ndiyo, chochote. Watu hushangaa. Biskuti ya siagi inategemea mafuta na unga dhaifu tu. Kila kitu cha kuumua unachoongeza hapo ni pesa ya bure.

Kuna pia magadi. Hapa Bonde la Ufa tumezungukwa na maziwa ya magadi: Nakuru yenyewe, Elementaita, Bogoria, na lile Magadi lenyewe kule kusini. Wengi tumekua tukiona magadi yakitiwa kwa maharagwe na githeri ili yaive haraka. Ndiyo maana kuna mtu huwaza, si ni soda pia? Ni jamaa ya soda, lakini ina alikali kali zaidi, na unapoiona sokoni hujui ina nguvu kiasi gani. Kwa githeri inafanya kazi. Kwa biskuti itakupa rangi ya manjano na ladha ya kufua nguo. Usijaribu kwa wateja.

Wenye viwanda vikubwa wana siri yao, na si siri kubwa. Wengi hutumia chumvi ya amonia. Ikipata joto inageuka yote kuwa gesi na mvuke, haiachi kitu nyuma, na biskuti inatoka kavu na nyepesi. Ndiyo maana yako ya nyumbani haifanani na ya pakiti hata ukijitahidi vipi. Amonia inafaa biskuti nyembamba tu, kwa sababu kwenye nene harufu yake hubaki ndani. Usione haya kuwa tofauti na kiwanda. Mteja wako anakutafuta kwa sababu hufanani nacho.

Kabla ya kuoka, hakikisha dawa yako haijakufa. Chukua kijiko cha beking pauda uweke kwenye maji ya moto. Ikifoka povu, iko hai. Ikikaa kimya, tupa. Soda ijaribu kwa ndimu ama siki. Ile iliyokaa wazi miezi mitatu kando ya jiko, ikinyonya mvuke wa ugali kila jioni, usiitegemee kwa oda ya watu hamsini.

Tuna mtaa wa London, lakini hatuko London

Hili ndilo hakuna video ya YouTube itakuambia. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Njoro imepanda zaidi, na Molo zaidi ya hapo. Hewa ya huku inasukuma kwa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa, na maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94 badala ya 100.

Hiyo ina maana gani kwa trei yako? Gesi ikitoka kwenye beking pauda, hakuna hewa nzito ya kuizuia. Inapanuka kupita kiasi. Donge linapanda kabla halijashika, kisha linaanguka. Maji nayo yanakauka mapema, sukari inabaki imejaa, na biskuti inatambaa. Yule dada wa mtandaoni aliyeko Mombasa ama London ya Uingereza hakukudanganya. Maelekezo yake ni ya kweli kwa jikoni kwake. Kwako wewe wa London ya Nakuru, hayajapimwa.

Dawa yake ni rahisi. Akisema kijiko kimoja cha beking pauda, weka robo tatu. Akisema nusu kijiko cha soda, anza na robo na zaidi kidogo. Punguza sukari kijiko kimoja cha supu kwa kila kikombe, ongeza unga kijiko kimoja ama viwili, na uongeze maziwa matone machache kama donge linapasuka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha uandike. Ukibadilisha vitu vinne kwa mara moja na ukafaulu, hujui ni kipi kilichokuokoa.

Andika kwa gramu, si kwa kikombe. Kikombe cha unga uliochekechwa na kikombe cha unga ulioshindiliwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Mizani ndogo ya jikoni ndiyo kifaa cha kwanza kununua. Inakuja kabla ya oveni, na kabla ya taa ya duara. Wapo wanaooka vizuri kwa sufuria yenye mchanga juu ya makaa, lakini sijaona mtu akiuza biskuti zinazofanana kila wiki bila kupima.

Ngano iko mlangoni

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tungekuwa walimu wa jambo hili. Mwanzoni mwa karne iliyopita Lord Delamere alipanda ngano Njoro, na kutu ya ngano ikaifagia. Mwaka wa 1908 ikaanzishwa kampuni ya Unga, ambayo mpaka leo jina lake liko kwenye rafu. Mwaka wa 1927 Njoro ikapata kituo cha kuzalisha mbegu za ngano, na kituo hicho bado kiko, chini ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Ile kutu hatari ya Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini, ulimwengu ulileta mbegu zake Njoro zijaribiwe. Norman Borlaug mwenyewe, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1970 kwa kazi ya ngano, alikuwa Kenya mwaka wa 2005 akipiga kengele kuhusu kutu hiyo.

Sasa fikiria. Wanasayansi wa dunia nzima wanakuja Njoro kusoma ngano. Sisi tunapanda matatu hapa stendi, tunapita mashamba hayo hayo kuelekea Egerton ama Mau Narok, tumeinamia simu tukitafuta namna ya kuoka kutoka kwa mtu ambaye hajui Njoro ni wapi. Maarifa yanapita nje ya dirisha.

Na hata hivyo, mashamba hayo hayatutoshelezi. Kenya inanunua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na unga wa pakiti mara nyingi ni mchanganyiko wa ya hapa na ya ng'ambo. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na waokaji wengi wadogo walizima oveni. Hapa biskuti ina bahati ambayo mkate hauna. Kwa kuwa haihitaji gluteni nyingi, unaweza kuondoa robo ya ngano na kuweka unga wa wimbi ama mtama, na bado biskuti ikasimama. Mkate ungelia. Wimbi wakati mwingine ni ghali kuliko ngano, kwa hivyo piga hesabu kwanza, lakini ladha yake hakuna kiwanda kitakuibia haraka. Biskuti ya wimbi na asali ya Baringo ni jina tosha. Haihitaji stika ya Kizungu.

"Lakini mama alikuwa anaoka tu"

Najua mtasema hivyo. Mama alichota unga kwa mkono, akatupa beking pauda kwa makadirio, na biskuti za Krismasi zilikuwa tamu. Ni kweli. Ila mama alikuwa anaokea watu wanaompenda. Mbovu zililiwa na watoto, ngumu zilichovywa kwa chai, na hakuna aliyetuma ujumbe wa kudai pesa zake. Anayenunua kwako anataka ya leo ifanane na ya wiki jana. Na ukifika mlango wa supamaketi utaulizwa alama ya ubora ya KEBS, hakuna atakayeuliza mkono wa mama yako.

Piga hesabu hii. Tuseme kila gramu 250 za unga zinakupa biskuti ndogo 30. Pakiti ya kilo mbili itakupa 240. Kama moja kati ya kila tano inatoka mbovu, umetupa 48. Ukiuza shilingi kumi kila moja, hizo ni shilingi 480. Mkopo wa Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, unaanzia shilingi 500. Yaani pakiti moja ya unga usioujua inaweza kumeza karibu mkopo mzima wa mtu anayeanza. Kwa mwenye mshahara hilo ni somo dogo. Kwa msee wa Kaptembwa ama Rhonda aliyekopa ili aanze, hiyo ni kodi ya nyumba imeanza kuyumba.

Ndiyo maana sioni haya kuwadai wengine pia. Wasagaji wa unga: andikeni protini kwa herufi zinazoonekana, na mseme wazi unga huu ni wa mkate, huu wa biskuti. "Wa matumizi yote" ni jibu la mtu anayekwepa swali. Vyuo vya ufundi na nyinyi wenye kozi za wikendi: mkifundisha mtu vipimo bila kumwambia sababu, mmempa samaki aliyekaangwa. Siku unga ukibadilika, na utabadilika kwa sababu ngano ya msimu huu si ya msimu ule, hana la kufanya. Serikali ya kaunti nayo, ikigawa oveni kwa vikundi vya vijana, igawe na mizani, na siku mbili za mtu anayejua unga. Oveni bila maarifa ni kabati lenye joto.

Lakini hatutangoja kaunti. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji linakula biskuti nyingi: shule, makanisa, chama za akina mama, ofisi za Kenyatta Avenue saa nne asubuhi. Soko lipo. Atakayelichukua ni yule ambaye biskuti yake ya Jumatatu na ya Ijumaa ni biskuti moja.

Kwa hivyo kesho ukienda dukani, geuza pakiti usome nyuma kabla ya kuangalia bei. Nunua mbili ndogo tofauti. Zioshe kwenye karai, uone kidonge kipi ni kidogo. Oka trei moja kwa robo tatu ya kipimo cha mtandaoni, andika tarehe, gramu na matokeo kwenye daftari la shilingi ishirini. Fanya hivyo mara tano. Ukimaliza, njoo tubishane kuhusu oveni.